Mngurumo wa Golf: wa injini ni upi, wa kifaa ni upi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa alizeti, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na kila wiki nakwenda Kibaigwa. Niliagiza Golf GTI ya 2014 kutoka Japani, na kilichonifanya niipende ni mlio wake, hasa nikiweka Sport. Juzi nimeipeleka service, fundi mmoja kijana akaniambia ule mlio si wa injini peke yake, kuna kidude karibu na kioo cha mbele kinauzalisha. Nikambishia. Akachomoa plagi moja ya waya, tukaenda kuijaribu, gari ikawa kimya kama Toyota IST ya mke wangu. Mpaka leo sijairudisha. Nahisi nimeuziwa uongo, na tena naiona gari imepungua nguvu. Je, ni kweli imepungua? Niirudishe ile plagi? Au nikate sailensa nipate mlio wa kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa gari. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: nguvu haijapungua hata chembe. Yule kijana alikuambia kweli, na alichochomoa hakihusiani na mafuta, wala hewa, wala moto wa plagi za injini. Injini yako ya lita 2 yenye turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220, na kuchomoa waya ule hakumwondoi hata farasi mmoja. Dereva hapimi mwendo kwa macho peke yake. Kiti kinamsukuma mgongo, sikio linasikia injini inapanda, ubongo unajumlisha. Ukitoa sikio, jumla inakuja ndogo hata kama kiti kinasukuma vilevile.

Kama bado una shaka, jaribu mwenyewe. Unganisha mashine ya kupimia, mwenzako asome shinikizo la turbo na kupima muda wakati wewe unaendesha pale barabara inaponyooka baada ya Buigiri, kutoka kilometa 40 hadi 80 kwa saa, gia ileile. Mara tatu plagi ikiwa nje, mara tatu ikiwa ndani. Muda na shinikizo vitakuja karibu sawa. Visipokuja sawa, una tatizo lingine kabisa, pengine bomba la hewa la turbo linavuja, na kidude hakihusiki.

Hapohapo nikuambie jambo ambalo wengi hapa mjini hawalijui. Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo ikipanda kutoka Dar es Salaam inafika hapa imepoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mwenyewe anadhani gari limechoka safari. Turbo yako inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo ukitafuta nguvu zilizopotea Dodoma, zitafute kwenye IST ya nyumbani kabla ya Golf.

Sasa tuje kwenye kidude. Volkswagen wanakiita Soundaktor. Ukifungua boneti ukatazama chini ya ile plastiki nyeusi inayopita chini ya waipa, utakikuta kimefungwa kwenye bati, kiduara kizito kinachoenea kiganjani, kama kopo la kiwi ya viatu, na waya mmoja wa plagi. Ndani yake kuna koili na sumaku kama za spika, ila hakuna ile karatasi ya kusukuma hewa. Kinachotikiswa ni bati lenyewe, na kutoka hapo kioo cha mbele na dashibodi ndivyo vinavyogeuka kuwa spika. Nilipokutana nacho mara ya kwanza nilikifungua skrubu nikakishika mkononi kikiwa kinafanya kazi. Hakikutoa sauti ya maana. Nilihisi kinatetema tu, kama simu iliyo mfukoni. Nikakigusisha na bati, mngurumo ukajaa ndani ya gari. Nikakitoa, ukakatika. Nilirudia mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu nilikuwa najifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha chuoni.

Kidude hiki hakina akili yake. Kinapokea taarifa kutoka kwenye mtandao wa waya wa gari: injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, mguu umekanyaga mafuta kiasi gani, umechagua mwendo gani, wa kawaida au Sport. Kwa taarifa hizo kinatikisa bati kwa mapigo yanayolingana na ya injini. Ukikanyaga kinapanda, ukiachia kinashuka. Ndiyo maana kilikudanganya vizuri hivyo, maana kinaenda bega kwa bega na injini yenyewe. Na injini ilikuwa inalia kweli muda wote. Kidude kilikuwa kinauongezea mlio huo uzito.

Kwa nini kiwanda chenye sifa kijisumbue hivyo? Hapa inabidi uelewe mlio wa injini unatoka wapi. Injini ya silinda 4 kama yako, kila silinda inalipua mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja una milipuko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, milipuko 100 kwa sekunde. Namba hiyo ndiyo noti ya injini, kama vile waya wa zeze ukitetema mara 100 kwa sekunde. Injini ya silinda 6 kwa mwendo huohuo inakupa 150, ya silinda 8 inakupa 200. Ndiyo sababu Mark X ya silinda 6 na IST ya silinda 4 zikipita haziwezi kulia sawa hata ukizifunga ekzosi ya aina moja. Noti ni tofauti tangu kwenye kranki.

Na kama mapigo yanafika kwenye ekzosi kwa nafasi zisizo sawa, unapata ule mkoromo wa kukatakata. Subaru za turbo za zamani ndizo mwalimu mzuri. Mabomba ya manifoldi yake, yanayotoa moshi kwenye silinda, yalikuwa na urefu usiolingana, pigo la silinda moja linachelewa, la nyingine linawahi, na vijana wa Area C wanasimama barabarani kusikiliza. Subaru WRX za miaka ya karibuni mabomba yake yamesawazishwa ili turbo ijae mapema. Injini imekuwa bora, mkoromo umeondoka, na najua watu waliotoa pesa nyingi kurudisha mabomba yasiyolingana ili gari lilie kama zamani. Siwacheki. Nawaelewa kabisa.

Turbo ndiyo iliyobadilisha mambo. Moshi unaotoka kwenye silinda unakuja kwa mapigo makali, na mapigo hayo ndiyo sauti. Ukiyapitisha kwanza kwenye gurudumu la turbo, lenyewe linanyonya nguvu yake ili lizungushe hewa ya kuingia. Kinachobaki kutoka nyuma ni pumzi. Juu ya hapo Ulaya wamekaza sheria za kelele. Kanuni yao ya 2014 ilianza na desibeli 72 kwa gari la kawaida la abiria na kushuka kwa hatua hadi 68, na usidhani 4 ni ndogo, kwa sababu kila desibeli 3 zikipungua ni nusu ya nishati ya sauti imeondoka. Magari mengi ya petroli ya huko yaliyotengenezwa kuanzia 2018 yakaongezewa na chujio la masizi kwenye ekzosi. Wakati huohuo mnunuzi anataka ndani kuwe kimya ili aongee na simu. Mhandisi akajikuta ana gari lenye kasi kuliko la baba yake lakini dereva hasikii kitu.

Kila kiwanda kikalijibu swali hilo kwa namna yake, na hapa ndipo naomba unifuatilie, kwa sababu wewe umesema umeuziwa uongo, na mimi nasema uongo una daraja.

Chukua Lexus LFA. Yalitengenezwa 500 tu, kati ya mwisho wa 2010 na mwisho wa 2012, injini ya silinda 10, lita 4.8, inafika mizunguko 9,000. Toyota, wenye Lexus, waliwaita Yamaha, wakiwemo watu wao wanaojua ala za muziki, wakakaa na injini ile kama watu wanaotengeneza kinanda. Mlio wa hewa inayoingia ulipelekwa ndani ya gari kwa njia zilizochongwa kwa makusudi, bila spika. Piga hesabu yetu: mizunguko 150 kwa sekunde, milipuko mitano kila mzunguko, unapata 750 kwa sekunde. Hiyo si ngurumo tena, ni sauti ya mtu anayeimba. Na injini hiyo ilikuwa inapanda kutoka mzunguko wa chini, mguu ukiwa haujakanyaga mafuta, hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, hata mshale wa kawaida wa dashibodi ukashindwa kuifuata, wakaweka skrini.

Sasa shuka kwenye gari ambalo unaweza kuliona hapa kwetu, Toyota 86 ya kuanzia 2012. Mle ndani ya boneti kuna bomba linalotoka kwenye njia ya hewa ya injini linaelekea ukuta wa dashibodi. Katikati yake kuna utando mwembamba. Hewa ya injini ikipiga mapigo, utando unatetema, sauti inapita kwenda kwa dereva, lakini hewa yenyewe haipiti. Mafundi wengi wakiliona wanadhani ni bomba la upepo lililoziba. Wengine wamelikata.

Mimi nilipoliona nilikumbuka ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Wewe unaishi katikati ya Wagogo, bila shaka umeiona. Pale kwenye sanduku la ilimba kuna tundu, na tundu lile wazee wanalifunika kwa utando wa kifuko cha mayai ya buibui. Ukipiga vyuma, utando unatetema na kutoa ule mvumo wa kuwasha unaofuata kila noti. Chuma peke yake kingelia safi, lakini Mgogo hataki usafi huo, anataka mvumo. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliipeleka ilimba duniani kote ikiwa na mvumo wake, na sijasikia mtu akidai kwamba buibui alikuwa anamdanganya msikilizaji. Utando haulii bila chuma kupigwa. Toyota 86 ni hivyohivyo. Injini isipopiga, bomba lile halina la kusema.

Kidude chako kipo hatua moja chini ya hapo. Hakichukui sauti ya injini yenyewe, kinachukua habari zake na kutengeneza mtetemo. Lakini kinatikisa bati la gari hilohilo, kwa mapigo ya injini hiyohiyo. Kwangu mimi hicho bado ni kiungo, kama chumvi. Nyama ni ya kwako.

Chini yake tena ipo BMW M5 iliyotoka 2011. Iliyotangulia ilikuwa na injini ya silinda 10 isiyo na turbo, inapanda mizunguko zaidi ya 8,000, mlio wake unakuingia kwenye mifupa. Hii mpya ikaja na silinda 8 na turbo mbili, nguvu nyingi zaidi, na bodi iliyozibwa vizuri mno. BMW wakarekodi sauti ya injini na kuipiga kupitia spika za redio, kulingana na mizunguko na mguu wa dereva. Mambo yalipojulikana watu waligawanyika, na mpaka leo wamegawanyika. Toyota 86 yenyewe, toleo lake la pili la lita 2.4, imeacha utando ikaenda kwenye spika. Hilo lilinisikitisha, nasema wazi. Kulikuwa na ufundi ndani ya lile bomba.

Hata mashindano ya Formula 1 hayakupona. Mpaka 2013 walikuwa na silinda 8 zinazofika mizunguko 18,000, yaani milipuko 1,200 kwa sekunde. Mwaka 2014 wakaingia silinda 6, lita 1.6, turbo, na mizunguko ya kawaida karibu na 12,000, milipuko 600. Noti imeshuka nusu nzima na turbo imekula kilichobaki. Watazamaji walilalamika hadi Mercedes wakajaribu ekzosi yenye mdomo wa tarumbeta kwenye majaribio ya Hispania mwaka huohuo. Haikusaidia.

Kwa hiyo, je, uliuziwa uongo? Mimi nauliza maswali mawili kabla sijaita sauti uongo. La kwanza: je, ikipanda, injini imepanda kweli? Ya kwako ndiyo. La pili: je, muuzaji alificha? Volkswagen hawakukificha, kina jina, kina nafasi yake kwenye mfumo, na mtu mwenye mashine anaweza kukisoma. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo haifiki kwa mnunuzi wa gari la mkono wa pili. Gari linatoka mnadani Japani, linafika bandarini Dar es Salaam, linapandishwa hapa, na katika safari yote hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kukuambia. Hasira yako naiheshimu. Ila usiielekeze kwa yule kijana, na gari lenyewe halina kosa.

Liko jambo moja linalonifanya mimi, kama fundi, niwe mwangalifu na sauti hizi zote, na ningependa ulishike kuliko mengine. Kifaa kinajua mizunguko na mguu wako. Hakijui kwamba beringi imekwisha.

Aliwahi kuniletea gari mteja mmoja aliyetoka Singida. Gari la Ulaya, la kifahari, aina ambayo sauti ya injini inapitia spika. Shida aliyoieleza ilikuwa taa ya oili kuwakawaka akisimama. Nikakaa ndani, nikakanyaga, ndani kunanguruma vizuri, mngurumo laini kama wa gari jipya. Nikashuka. Nikatoa kifuniko cha plastiki juu ya injini, nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye bloku upande wa chini, mpini nikaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nikasikia ko, ko, ko, ko. Nikahamisha kwenye silinda ya pili, ikapungua. Nikarudisha kwenye ya kwanza, ko, ko, ko. Tulipomwaga oili ilikuwa inametameta kama pambo la kucha. Tukashusha sampu, lile sinia la oili chini ya injini, tukafungua konrodi inayounganisha pistoni na kranki, beringi ilikuwa imelika mpaka rangi ya shaba inaonekana. Yule bwana alikuwa amekuja na gari lile toka Singida, redio imezimwa, na hakusikia chochote, kwa sababu vioo vizito vilizuia sauti mbaya isiingie na spika zilimletea nzuri.

Gari lako si la kiwango hicho, lakini kanuni ni ileile. Mara moja kwa wiki, asubuhi likiwa baridi, fungua kioo, fungua na boneti, liwashe na usikilize ukiwa umesimama nje. Injini yako ina tabia ya kuvujisha kulanti kwenye nyumba ya themostati, ambayo ni ya plastiki, na hilo hakuna mlio utakaokuambia. Tazama chini uone tone la rangi ya waridi au zambarau, na unuse kama kuna harufu tamutamu. Ukilikuta, usilisubiri lifike Kibaigwa.

Kuhusu sailensa, nakuomba kama kaka yako, usikate. Mtu atakuambia shilingi elfu kadhaa tu na gari litalia kama la mashindano. Litalia kama gari lililokatwa sailensa. Noti ya silinda 4 haigeuki kuwa ya silinda 6 kwa msumeno. Kinachoongezeka ni ule mvumo mnene kwenye mwendo wa safari, na kwa safari ya kutoka hapa hadi Kibaigwa kila wiki, kichwa kitakuuma kabla hujafika Mbande. Halafu wapo watakaokushauri utoe na masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Masega yale yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko, na si kila anayekushauri kuyatoa anafikiria gari lako. Ukishayatoa, sensa ya oksijeni ya nyuma inaona moshi haujasafishwa, taa ya cheki injini inawaka, na siku taa hiyo ikiwaka kwa tatizo la kweli hutajua. Nimepokea gari moja lililofanyiwa hivyo kwenye gereji nyingine hapa mjini, mwenyewe alishazoea taa kuwaka mwaka mzima, kumbe silinda moja ilikuwa inakosa moto. Majirani nao wana haki yao. NEMC, baraza la mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2015, na mtoto anayelala Nkuhungu saa tano usiku hajui kwamba unaipenda injini.

Ukitaka mlio zaidi kwa njia ya heshima, ipo mifumo kamili ya ekzosi iliyotengenezwa kwa gari hilo, masega yakibaki mahali pake. Ni ghali. Kama pesa ipo, ni njia halali. Kama haipo, rudisha plagi.

Ndiyo, rudisha. Huo ndio ushauri wangu, na nina sababu ya vitendo. Mlio unakusaidia kujua mwendo bila kutazama dashibodi. Gari kimya, lenye nguvu, kwenye lami nzuri ya kutoka Ihumwa kwenda Chamwino, unajikuta uko 90 ukiwa unafikiri ni 60, umeshaingia kwenye kijiji chenye kibao cha 50, na tochi ya trafiki imeshakupiga. Faini ya elfu thelathini ni hasara ndogo. Kuna watoto wanavuka pale.

Na hilo linanikumbusha upande ambao sauti ya kutengenezwa haina mjadala kabisa. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 watu walishangaa kitu kikubwa namna ile kinavyoondoka bila kunguruma kama treni ya dizeli waliyoizoea. Magari ya umeme yanakuja hivyohivyo, kimyakimya. Ulaya, kuanzia Julai 2021, kila gari jipya la umeme au haibridi lazima litoe sauti likiwa chini ya kilometa 20 kwa saa, kwa sababu likiwa taratibu matairi hayasikiki na mtembea kwa miguu hajui linakuja. Hapo Buigiri, kando ya barabara yako ya kila wiki, kuna shule ya wasioona. Kwa mwanafunzi wa pale, sauti ya gari ndiyo gari lenyewe. Sauti ile inatoka kwenye spika, kila herufi yake imetungwa na mhandisi, na mimi naiita ya kweli kwa sababu inasema kweli: nipo, nakuja.

Hyundai wamekwenda mbali zaidi na Ioniq 5 N ya 2023, gari la umeme lenye nguvu za farasi zaidi ya 600. Halina gia, lakini limepewa gia za kuigiza. Ukifika mwisho wa mizunguko ya kubuni, mota inakata nguvu kwa kitambo kama vile gia inabadilishwa, mlio unashuka, kichwa chako kinacheza kidogo. Nilidhani ningelichukia wazo hilo. Lakini nikifikiria dereva anayetaka kujua kwa sikio yuko wapi kwenye kona, bila kushusha macho, naona kuna busara ndani yake. Na ukitaka kimya, unazima.

Hata wewe unaweza kuupunguza mlio bila kuchomoa chochote. Kama gari lako lina chaguo za mwendo kwenye skrini, ingia kwenye ile ya Individual, tafuta mlio wa injini, weka kawaida badala ya Sport. Wiki ya alizeti umechoka, unaweka kawaida. Jumapili umetulia, unaweka Sport. Kama chaguo hilo halipo, fundi mwenye mashine ya Volkswagen aingie kwenye moduli namba A9. Humo kuna kiwango cha kuanzia 0 hadi 100, na anaweza kukiweka nusu. Watu wengi niliowawekea nusu hawajarudi kuomba kibadilishwe. Kuiacha plagi ikining'inia si vizuri. Kompyuta inaandika kosa, na vumbi letu la Agosti likiingia kwenye pini zake utakuja kulipia waya.

Ukiamua kulileta kwangu, lilete jioni ulilaze gereji. Usiliwashe tena baada ya kuliegesha. Nataka asubuhi niwe nimesimama mbele ya boneti likiwa baridi kabisa, wewe ndani ndiye unayewasha, nisikilize ile dakika ya kwanza kabla hatujairudisha plagi.